Kutetemeka Kwangu Kanisani

Jamani, leo nimeaibika. Tena kwa kipaza sauti.

Mnajua niko huku Mishamo, nauza mbegu na mbolea. Nimefika tangu msimu wa kulima, na mpaka leo wanaonijua ni wateja tu. Jioni naongea na redio. (Hainijibu.) Upweke umenichosha, ndiyo maana leo nikaenda kanisa la jirani, angalau mtu aniulize jina.

Kwaya ikaanza kucheza. Sakafu ya udongo, vumbi likapanda, pumu yangu ikaamka. Kifua kikabana, kinapiga filimbi. Nikatoka nje na pampu yangu ya dawa. Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena. (Nilisahau kuitikisa kwanza.) Nikaitikisa, nikavuta mara kadhaa kwa hasira. Misuli iliyobana njia za hewa ikalegea, pumzi ikaingia. Raha!

Ila dawa hii ukiizidisha, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka.

Narudi kukaa, mchungaji anasema, "Wageni wasimame."

Nikasimama. Natetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Mwoneni!" mchungaji akapaza sauti. "Roho anamgusa!"

Akina mama wakanizunguka wakiomba. Bibi mmoja, Bibi Anjelina, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikataka kusema ukweli. Lakini tangu nifike huku hakuna aliyewahi kunishika mkono hivyo. Nikauacha mkono wangu mikononi mwake. (Nikaongeza kutetemeka kidogo. Mungu anisamehe.)

"Toa ushuhuda, mwanangu," mchungaji akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nikainama kumshukuru. Pampu ikachomoka mfukoni, ikaangukia viatu vyake.

"Hii nini?"

"Dawa ya pumu, mchungaji. Inafungua njia za hewa. Nimeizidisha, ndiyo inanitetemesha."

Spika zikalipeleka hilo hadi barabarani. Halafu kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji naye ndani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi Anjelina peke yake hakucheka. "Nyie mnacheka nini? Si mgonjwa huyu?" Akanivuta nikae kando yake, mkono wangu hajauachia.

Ibada ikaisha, watu wakatawanyika. Mikono yangu ilishatulia kitambo.

"Bado inatetemeka, mjukuu wangu?" akauliza.

Msinicheke. Nilimjibu, "Bado kidogo, bibi."