Bomba la Pangoni

Jumatatu, 3 Juni
Mtayarishaji kaniita ofisini, anakohoa na kitambi kinatikisika. Watazamaji wamechoka na mchawi wetu, Bibi wa Pangoni. Sehemu ya nne analia kwa kumkanyaga jongoo. Ya tano anamgeuza yatima kuwa ufagio. Ya sita anaubembeleza ufagio ulale. Nikajitetea kuwa wachawi ni vigeugeu. Hakucheka. Kosa moja tena, kasema, na tamthilia anapewa Miwani, mwandishi mwenzangu, yule anayechekea hata kikohozi cha bosi.

Siri naiweka hapa tu: Bibi wa Pangoni ni mama mkwe. Mimi na mke wangu tunaishi kwake. Akinipakulia nyama, mchawi anakuwa mpole. Akinisema, watu wanageuka vyura.

Jumanne, 4 Juni
Mpango: nimfurahishe mama mkwe, mchawi naye atulie. Nikamsifia kitenge kipya. Kumbe pazia, alikuwa analipima. Kisha akakuta nimeacha bomba la bafuni wazi. Kasema mwanamume anayeshindwa kufunga bomba, mdomo ataufunga vipi. Nikaenda kuandika sehemu ya nane. Imetoka kwa mkupuo mmoja. Tamu ajabu!

Ijumaa, 7 Juni
Sehemu ya nane imeonyeshwa. Tuko sebuleni wote. Bibi wa Pangoni anakoroga chungu, ghafla anamgeukia mtumishi wake na kumwambia kwamba mwanamume anayeshindwa kufunga bomba, mdomo ataufunga vipi.

Mke wangu akatazama dari. Mama mkwe akazima televisheni, akauliza taratibu pangoni bomba limetoka wapi.

Nikamsingizia Miwani. Akasema vizuri, kesho atakwenda kumuuliza aliyasikia wapi maneno yake.

Jumamosi, 8 Juni
Kaenda kweli. Miwani kampita, kajifungia ofisini na mtayarishaji asubuhi nzima. Nami nimemfuata, nimetega sikio mlangoni. Anamweleza kwamba anayemlilia jongoo hawezi kumgusa yatima. Kwamba Bibi ana mdomo mkali, lakini kwake halali mtu na njaa. Hapo nimeona aibu, maana jana, pamoja na yote, alinibakishia chakula.

Uamuzi wa mtayarishaji: kazi naendelea nayo, ila kila ukurasa upitie kwa mama mkwe. Miwani kacheka mpaka miwani yake ikaanguka.

Jumatatu, 10 Juni
Kurasa zote zimerudi. Juu mama mkwe kaandika kwa wino mwekundu kwamba mchawi huyu siye yeye. Sawa, nimekoma. Mama mkwe simwandiki tena.

Badala yake nimepata wahusika wawili wapya kabisa. Mfalme wa majini, mwenye kitambi na kikohozi kisichopona. Na kijini chake kimoja, nusu kipofu, kinachocheka kila mfalme akikohoa. Nimewatoa kichwani tu, hakuna atakayejitambua. Mtayarishaji ataupenda sana huu ubunifu.

Mama mkwe ananiita kutoka bafuni. Bomba tena. Na leo nitamwambia aliyeliacha wazi simjui.