Ramani Haina Mlima

Jumatatu, 3 Juni

Nimejiunga na msafara wa baiskeli! Tunapita miji na mashamba kuchangisha fedha za kujengea nyumba familia zisizo na makazi. Moyo wangu mwema ndio ulionisukuma. Huo, na mhadhiri wetu wa usanifu majengo.

Amenifelisha mradi. Eti nyumba niliyochora inapendeza sana, ila haina pa kuingilia. Nilimweleza kwamba mlango ungeharibu ukuta. Hakucheka. Akasema niende nikaone watu wanavyojenga. Nikimaliza safari kwa baiskeli, nitaruhusiwa kuurudia mradi. Nikipanda gari la mizigo linalofuata msafara hata mara moja, narudia mwaka mzima. Darasa moja na mdogo wangu! Mwenyewe kasikia, na tayari ameahidi kuniwekea kiti.

Baiskeli nimeazima kwa shangazi. Ina kikapu mbele, na kengele inayolia yenyewe kwenye mashimo. Kasema irudi nzima. Kuhusu mimi hakusema kitu.

Jumanne, 4 Juni

Tumeanza. Yumo Timazi, mwanafunzi mwenzangu. Tunamwita hivyo, kama ile kamba ya fundi ya kunyooshea ukuta, kwa kuwa hajawahi kuyumba, si kwenye michoro wala barabarani. Yeye alifaulu. Amekuja kwa hiari! Kuna watu wana matatizo.

Nilijiandaa. Nilikata kadibodi ngumu ya kutengenezea modeli, nikaifunga mbele ya usukani ipasue upepo. Kwa hesabu zangu ningeteleza tu. Upepo ukaja ubavuni. Nikajikuta katikati ya shamba la alizeti, kengele inalia. Timazi akauliza kama nimeshapata kiwanja.

Dereva wa gari la mizigo, mama mwenye huruma kupita kiasi, akasimama akanifungulia mlango. Akasema kiti cha mbele kina mto. Nilimshukuru huku nimefumba macho.

Jumatano, 5 Juni

Nimeumia mahali pasipoandikika.

Mama kapiga simu. Kasema nipande gari, mwaka utarudi ila mtoto harudi. Nyuma yake nikamsikia mdogo wangu akiunga mkono kwa sauti. Sipandi ng'o!

Jioni nilikunjua ramani. Barabara ya kesho inazunguka weee, mpaka kichwa kinauma. Nikaweka rula, nikachora mstari mmoja. Njia imepungua nusu! Watu wote hawa, hakuna aliyeona. Ndiyo maana wasanifu tupo. Sijamwambia mtu. Kesho watanikuta kambini nimeshaoga.

Alhamisi, 6 Juni

Mlima.

Sisi hufundishwa kuchora jengo kwanza kama linavyoonekana kutoka juu, halafu kutoka ubavuni, ili mwinuko ujulikane. Mimi niliishia kwa juu. Ukiutazama kutoka juu, mlima ni bapa kama meza. Nenda sasa ukaupande na baiskeli ya shangazi begani!

Nilipanda. Nilipumzika. Nilipanda tena. Mbuzi walinitazama kama mgeni asiyetarajiwa. Kushuka kulikuwa kwepesi mno, maana breki ziligoma. Nilipita kwenye vichaka nikipiga mayowe, nikatua barabarani, nyuma ya msafara mzima.

Hapo nikamkuta Timazi na yule dereva. Walikuwa wamerudi kunitafuta. Timazi alicheka mpaka akakaa chini. Dereva akafungua mlango. Nikauona mto. Naapa, nilishaweka mguu mmoja hewani. Timazi akafuta machozi, akasema haya panda, mdogo wako atakufafanulia masomo taratibu.

Mguu nikaurudisha chini. Timazi akakaza breki zangu, akanipa maji yake, akatangulia kunikingia upepo mpaka kambini. Alikuwa anaimba. Nami nikaimba, vibaya. Sijawahi kuchoka na kufurahi kwa pamoja namna hii.

Ijumaa, 7 Juni

Leo hatukuendesha. Tulimalizia nyumba ya mama msuka vikapu, ambaye yeye na wanawe watatu wanaishi kwenye chumba cha kuazima nyuma ya ghala. Mimi nilipewa kazi ya kushika mlango wakati fundi anafunga bawaba. Niliushika vizuri, niseme ukweli.

Ulipokaa sawa, yule mama akatoka, akaufunga, akabisha hodi nyumbani kwake. Sote tukaitika karibu. Akaingia anacheka. Akatoka tena, akabisha tena. Wanawe nao wakapanga foleni kubisha. Tulikaribisha mpaka sauti zikatukauka.

Nililia. Si vumbi, nililia kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika! Wa mwisho, lakini juu ya baiskeli! Mama alipiga vigelegele. Mdogo wangu alinikumbatia kwa huzuni. Shangazi aliikumbatia baiskeli.

Mhadhiri akauliza nimejifunza nini. Nikajibu kwamba nyumba haijengwi na mtu mmoja, na kwamba mzigo mzito hubebwa kwa kusaidiana. Akanishika mkono kwa nguvu, akasema mradi niurudie. Timazi alinipiga begani, akasema sasa nimekuwa mtu. Nilimaanisha kila neno nililomjibu mhadhiri.

Ndiyo sababu mchana huu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, nimechora baiskeli ya watu wawili kwa msafara wa mwakani. Wa mbele anakanyaga. Wa nyuma anafikiri. Timazi bado hajaambiwa, lakini kiti cha mbele nimeshampimia.