Paka Anaitwa Mwenyekiti

Jamani, leo sura yangu sina pa kuiweka. Nimekimbilia hapa internet kafe ya stendi, nimejibanza kwenye kompyuta ya mwisho kabisa, mtandio mpaka puani, na kila anayeingia nadhani amekuja kunichungulia. Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Mkisikia kwa watu mtasikia vibaya zaidi. (Ingawa hata nikisema mimi, ni vibaya tu.)

Mnajua tangu tumalize shule niko hapa Mbinga mjini, nauza vitenge kwenye duka la Mama Rukia na nimepanga chumba kwenye nyumba yake. Mama Rukia ni mjane, asili yake Kilwa, watoto wake wote wameshatawanyika, amebaki na paka. Paka watatu. Wa kwanza anaitwa Mwenyekiti. Jina amelipata kihalali: sebuleni kuna kiti kimoja chenye mto laini, na yeye ndiye mwenye kiti. Mnene kama kiroba cha unga. Wa pili Bi Harusi, mweupe pee, kutwa anajilamba. Wa tatu Chongo, ana jicho moja, lakini hilo moja linaona samaki kuliko ya kwenu yote mawili.

Sasa, hawa paka ni wagonjwa. Wote! Na kila mmoja na ugonjwa wake! Bwana mifugo aliwapima akasema Mwenyekiti ini limejaa mafuta, ale samaki wa kuchemsha, kidogo tu, ugali asiuone. Bi Harusi mkojo unamziba, kwa hiyo dagaa marufuku, chumvi marufuku, apewe mchuzi mwepesi wa samaki, maji maji. Chongo tumbo lake halitaki maziwa hata tone, ale wali laini na samaki aliyetolewa miba. Mnaona ni rahisi? Mwenyekiti anautaka wali wa Chongo. Chongo anayataka maziwa ya jirani. Bi Harusi akisikia harufu ya dagaa nyumba ya tatu, analia kama amefiwa.

Alhamisi Mama Rukia alisafiri kwenda Songea harusini kwa mpwa wake. Kabla ya kupanda basi akanishika mikono yote miwili.

"Yusta mwanangu, duka ukisahau kulifunga nitakusamehe. Paka wangu ukiwachanganyia chakula, hatutaelewana."

Basi mimi nikawa nesi wa paka. Bi Harusi namfungia chumbani anywe mchuzi wake. Chongo anakula bafuni. Mwenyekiti anabaki jikoni, namsimamia kama askari magereza. Na nikawa naongea nao, maana Mama Rukia amewazoesha hivyo, bila maneno hawali. (Tabia hii inaambukiza. Msiseme sikuwaonya.)

Leo sasa.

Leo jumuiya ilikuwa kwangu. Mwajuma, nakufafanulia wewe: jumuiya ni sisi Wakatoliki wa mtaa mmoja, tunasali kwa zamu nyumba hadi nyumba. Mama Rukia hana neno, alisema niwakaribishe sebuleni, Mungu ni mmoja. Na mimi zamu hii niliiomba kwa magoti, kwa sababu mnajua mimi na Deo tunataka kufunga ndoa, na paroko hatangazi ndoa ya mtu mpaka mwenyekiti wa jumuiya athibitishe kwamba anamfahamu na ni mwenye mwenendo mwema. Mwenyekiti wetu ni Mzee Ndunguru, mstaafu, mtu wa heshima, mwili umejaa. Mimi ni mgeni kwenye jumuiya. Nilitaka leo anione. Aone nyumba safi, aone binti mtulivu, aseme huyu anafaa.

Asubuhi nilipata samaki, mbasa mzuri aliyeletwa na pikapu kutoka Mbamba Bay. Nikamchemsha bila chumvi, nikatoa miba, nikawagawia wagonjwa wangu sahani tatu za jioni, nikazifunika kwa kawa mezani jikoni. Ile ya Chongo, ya bluu, nilichanganya na wali na vidonge vya minyoo vilivyosagwa, maana bwana mifugo alisisitiza leo lazima apate. Wageni nikawaandalia chai na maandazi. Paka nikawafungia chumbani kwangu.

Alasiri wakaja.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina! Karibuni! Mzee shikamoo, Mama shikamoo!"

Mzee Ndunguru akakaa kwenye kile kiti chenye mto. Mkewe, Mama Ndunguru, akakaa pembeni yake kama polisi na mshitakiwa. Nilipopitisha maandazi mzee akanyoosha mkono. Mama akaurudisha mkono ule kwenye paja la mwenyewe.

"Baba ana sukari na presha," akaniambia. "Maandazi hali. Chai atakunywa kavu."

"Hata nusu?" mzee akauliza.

"Hata harufu."

Tukasali. Mambo yakaenda vizuri mno, mpaka nikaanza kuiona harusi yangu. Katikati ya sala mzee akainuka polepole, akaomba kwenda uani. Nikamwelekeza: apite jikoni, atokee mlango wa nyuma, choo kiko kona ya ua. Akaenda. Sisi tukaanza wimbo.

Tuko ubeti wa pili nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Mlango wa chumba changu komeo lake ni bovu! Nikajifanya naenda kuangalia chai, nikachomoka kwenda jikoni.

Kawa chini. Sahani ya Chongo, ile yenye dawa, tupu. Imesafishwa mpaka inang'aa. Na juu ya meza nani amekaa anajilamba masharubu? Mwenyekiti!

Jamani, mimi nilipandwa na hasira. Wimbo ulikuwa unaimbwa kwa nguvu, nikaona hakuna atakayenisikia, nikamwaga yote.

"Mwenyekiti! Huna haya wewe? Asubuhi nimekulisha kwa mkono wangu, umekuja tena kudokoa! Tumbo lote hilo halijakutosha?"

Akanitazama.

"Usinitazame kwa macho hayo ya mahaba! Jana nimekuonea huruma nikakuacha ulale kitandani kwangu, leo umeshajiona baba mwenye nyumba! Basi leo utalala nje! Na Mama akija nitamwambia kila kitu!"

Sasa, jiko lile limetengwa na sebule kwa ukuta wa mbao ambao haufiki hata darini. Na ule wimbo, kumbe uliisha pale kwenye "huna haya wewe".

Mimi sikujua. Nikapanga nywele, nikabeba birika, nikaingia sebuleni na tabasamu la bi harusi mtarajiwa.

Mama Komba, katibu wetu, kafungua kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu. Wengine wanatazama sakafu. Mama Ndunguru amesimama, anakaza kanga kiunoni.

"Binti," akasema taratibu, "mume wangu yuko wapi?"

"Ameenda uani, Mama."

"Na usiku atalala nje, au umeshamsamehe?"

Nikatabasamu. Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Mama! Hapana! Yule ni paka!"

"Nani paka?"

"Mwenyekiti!"

"Unamwita mume wangu paka? Mbele yangu?"

"Siyo yeye, Mama! Kuna paka, paka wa Mama Rukia, anaitwa Mwenyekiti!"

Mama Komba akashusha miwani. "Paka anaitwa Mwenyekiti," akarudia, kwa sauti ya mtu anayeandika muhtasari. "Na anakula kwa mkono wako."

"Ndiyo!"

"Na analala kwako."

"Ndiyo! Hapana! Ndiyo, lakini ni paka! Subirini nimwite mumwone!" Nikageukia jikoni, nikaita kama Mama Rukia anavyoita, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, maana vinginevyo haji. "Mwenyekitiii! Njoo mpenzi! Njoo kwangu, njoo!"

Pazia la mlango wa jikoni likafunguka. Akaingia Mzee Ndunguru.

"Naam?" akasema. "Nimeitwa?"

Nilitamani dari ishuke inifunike. Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mama Ndunguru alimwendea mumewe, akamtazama usoni, akamchomoa punje ya wali kwenye masharubu. Akaushika mkono wake, akaunusa.

"Samaki."

Mzee akainama.

"Baba Stela. Umekula humu ndani?"

"Kidogo."

"Kwa hiyo ni kweli! Unakuja kulishwa humu!"

"Ni leo tu, mke wangu! Napita jikoni naona sahani imefunikwa. Nikafunua. Nikaonja. Hana chumvi! Nikasema huyu samaki amepikiwa mgonjwa kama mimi, binti amenifikiria, anaona aibu tu kuniletea mbele za watu." Akanigeukia kwa unyenyekevu. "Kawa likaniponyoka, nikasikia unakuja, nikatoka haraka. Nisamehe mwanangu. Halafu nikiwa kule nje nakusikia unanigombeza kwa jina la cheo changu. Nikasema kweli nimestahili, lakini habari za kitanda sikuzielewa."

Kwa hiyo mwizi alikuwa Mwenyekiti. Ila siye niliyekuwa namgombeza. Paka wa watu alipanda mezani akakuta sahani imeshamalizwa!

Hapo nikakumbuka vidonge.

Jamani, nilifikiria kunyamaza. Nakiri. Nilimtazama Mama Ndunguru, nikaitazama harusi yangu ikiondoka na basi la Songea. Lakini mzee wa watu ana sukari na presha. Je, akianguka?

"Mzee," nikasema, "ulikula sahani ipi?"

"Ya bluu."

"Hukusikia ladha yoyote?"

"Uchungu kidogo. Nikajua nyongo ya samaki."

"Siyo nyongo. Ni dawa ya minyoo. Ya paka."

Sebule ililipuka! Mwingine anasema apewe maziwa, mwingine anasema atapishwe, Mama Ndunguru, ambaye dakika chache nyuma alikuwa tayari kumwacha mumewe, sasa amemkumbatia. Mzee mwenyewe kakaa chini sakafuni, anajishika tumbo ambalo haliumi. Mama Komba ndiye aliyekuwa na vocha kwenye simu, nikampa namba ya bwana mifugo, akaweka sauti kubwa wote tusikie.

"Mgonjwa amekula dawa isiyo yake," akasema Mama Komba. "Ile ya minyoo."

"Ana uzito gani?" bwana mifugo akauliza.

"Kama kilo tisini."

"Paka wa kilo tisini?"

"Ni mwenyekiti wetu wa jumuiya."

Bwana mifugo akajibu: "Kwa mwili huo dawa ile haitoshi hata kumshtua mnyoo mmoja. Mpelekeni zahanati wamwangalie na hiyo presha, lakini msiwe na hofu." Tukashusha pumzi. Akaendelea, sauti imebadilika, kali: "Na Chongo je? Chongo kapata dozi yake?"

Hapo ndipo Mwenyekiti, yule mwingine, alipotoka jikoni. Akapita katikati ya wanajumuiya bila salamu, akaruka kwenye kiti chenye mto kilichoachwa wazi, akazunguka, akakaa. Tumbo likamwagika pande zote mbili.

Mama Ndunguru akamtazama. Akamtazama na mumewe pale sakafuni, naye anajishika tumbo. Akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega tu, halafu kanga ikafunguka na machozi yakamtoka. Wote tukaangua, hata mzee. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, birika bado mkononi.

Zahanati wamesema presha iko sawa. Kabla hawajaondoka kwenda huko, Mama Ndunguru alinivuta pembeni. Nikajua sasa ndiyo hukumu.

"Huyu samaki ulimpikaje?"

"Nimemchemsha tu, Mama. Tangawizi kidogo kwenye maji, kisha nikaitoa."

"Nyumbani nikimpikia bila chumvi anasusa, anasema namlisha kama maiti. Kwako kasafisha sahani." Akatikisa kichwa. "Kesho Jumapili njoo unioneshe. Na habari ya matangazo yenu nitamkumbusha mimi. Mwenendo wako tumeusikia wote, ukuta ni wa mbao."

Mpaka hapo nilidhani nimepona. Nikamtengenezea Chongo sahani nyingine, nikamshika kichwa mpaka akameza, nikafunga mlango na kuja huku. Njiani simu ikalia. Deo! Yuko Kitai, njia ya Songea, anasubiri gari, na Mama Komba ameshampigia dada wa Deo.

"Yusta," akasema, "nasikia kuna mwenyekiti analala kitandani kwako."

"Deo, ni yule mwenye manyoya!"

Nikasikia lori likipita upande wake.

"Mzee Ndunguru naye ana manyoya," akasema.

Sasa gari lake linaingia saa yoyote, na mimi nimekaa hapa nawaandikia ninyi. Asicheke mtu! Mwenye mchango wa maneno ya kumwambia mwanaume stendi anijibu haraka, na Mwajuma, wewe usijibu kabisa, nakujua.