Muziki ya Bure Haina Mwisho

Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu, na aliyeileta alikuwa Mulenga, ambaye pale mtaani Hewa Bora, Katanga, kila mtu anamwita Journal, yaani gazeti, kwa sababu anajua mambo hata kabla hayajatokea. Alifika kwenye benchi la Mama Adolphine suruali ameikunja mpaka magotini kwa ajili ya matope, na hata chai ya citronnelle, ile ya mchaichai, hakuiomba kwanza.

"Bamesema ku radio," alitangaza. "Goma iko sous contrôle."

"Iko mu mukono ya nani, iyo contrôle?" Mama Adolphine aliuliza, huku akigeuza beignets, maandazi yake, kwenye mafuta.

"Ile habakusema."

"Sasa umekuya kutuambia nini?"

"Nimekuya kubaambia kama basoda, askari ba serikali, habakukimbia. Balirudi nyuma kidogo, balikuwa banatafuta élan, mbio ya kuruka."

"Élan gani iyo? Bakirudi nyuma tena kidogo, batafika hapa kunikulia beignets!"

Kakule hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta ya mawese, simu ameishika kwa mikono miwili. Ni mtu wa Butembo huyu, muuza maharagwe kwa magunia, ghala lake linatazamana na benchi, lakini siku hiyo mlango wa ghala alikuwa ameuacha umefungwa. Mke wake Céline alikwenda Goma na binti yao Séphora kumsaidia dada yake aliyejifungua. Juzi, vita ilipoingia mjini, Céline alipiga simu akiwa amejificha risasi chini ya kitanda. "Nitakupigia tena," alisema, na mtandao ukakatika. Tangu hapo kimya. Nyumbani kulimshinda Kakule, kila kiti kilikuwa kinamtazama, ndiyo maana alitoka kuja kukaa kwa watu. Aliogopa, tena aliogopa vibaya sana, na hakuwa na nguvu ya kuficha.

Hapo ndipo akatokea Kalenga na kasha lake la fidla mgongoni. Huyo wanamwita Violon, na sababu haihitaji kuelezwa. Violon yenyewe alifundishwa parokiani, akapiga misa na misa, mpaka siku moja akagundua kwenye internet muziki unaoitwa bluegrass. Ni muziki wa wazungu wa milimani huko Amerika: gitaa, banjo, besi kubwa, na violon inayokimbia kama imeiba kuku. Kuna mzee mmoja huko, Kalenga hata jina lake hajui, anarekodi wimbo mzima bila violon na kuuweka bure, ili mtu yeyote popote alipo ajaze pengo. Simu ya Kalenga ina sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kila asubuhi huazima ya Kakule, huiegemeza kwenye ndoo ya Adolphine, hufumba macho na kujaza pengo.

"Yambo, vieux," alimwambia mzee wake Kakule, mkono tayari ameunyoosha.

"Yambo. Leo telephone haitoke mu mukono yangu."

"Wimbo moja tu, vieux."

"Ata nusu. Mama Séphora anaweza kupiga saa yoyote."

Kalenga alirudisha mkono haraka. "Pardon, vieux. Bado hajapiga?"

"Bado."

Kalenga akashusha kasha, akaketi. Lakini benchi lile halijazoea kunyamaza, na Journal ndiye aliyeanza kuwashwa.

"Sasa weye, Violon, bila telephone hauwezi kupiga?"

"Peke yangu? Itabakia shimo. Beye banapiga guitare, banjo, contrebasse, bananiachia fasi yangu. Miye najaza."

"Bale bazungu banakujua?"

"Hapana."

"Banakusikia?"

"Batanisikia namna gani? Ni enregistrement, balisharekodi!"

"Kwa hiyo uko mu orchestre, lakini orchestre haijue kama uko."

"Sawa shiye na serikali," Adolphine alidakia. "Balitia wimbo yabo, balienda zabo. Shiye tunajaza."

"Ata ukikosea, habasimame!" Journal akaongeza.

"Njo uzuri yake!" Kalenga alisema, macho yanang'aa. "Piste, ile sauti ya ku telephone, haichokake, haikasirikake, haingojeake muntu. Ukianguka, unaamuka mbio unaifuata. Sheria iko moja tu: ata nyumba iungue, usisimame."

"Na banjo iyo banayojisifia, ni karindula yetu ya hapa Katanga balipeleka ku masomo!" Journal alipaza sauti.

"Wapi!" Kalenga alibisha. "Karindula inatengenezwa na fût, pipa ya petroli, inapita ata muntu kwa urefu."

"Basi balipoipeleka ku masomo ikakonda. Ata weye ulikonda ku masomo!"

Kakule alihisi mdomo wake unataka kucheka, akajikasirikia. Mke yuko chini ya kitanda Goma, naye amekaa hapa anataka kucheka karindula! Alitazama simu. Vistari vya mtandao vilikuwepo, simu ilikuwa nzima, hakuna aliyepiga. Akaigeuza chini juu, akaigeuza tena.

Adolphine alimwona. Mama yule ana macho hata kisogoni.

"Violon, tosha ile kintu yako mu kasha," aliamuru. "Leo shiye njo tutakuwa telephone."

"Namna gani?"

"Miye nitakuwa guitare." Alichukua kijiko cha mbao, akageuza beseni na kuligonga tako. "Journal atakuwa banjo, maana mudomo yake haifungake. Na Papa Séphora atakuwa contrebasse."

"Muniache, Mama Adolphine," Kakule alisema. "Sina roho ya kucheza."

"Nani alisema ucheze? Mikono yako inatetemeka tangu asubuhi. Basi itetemekee ku bidoni."

Kakule aliangalia mikono yake, akaona ni kweli. Akaiweka simu juu ya goti, palepale karibu, akagonga bidoni mara moja. Lilitoa sauti nzito iliyomshangaza mwenyewe.

"Ehee!" Journal alishangilia.

Violon ilikuwa begani tayari, lakini Kalenga hakuanza.

"Unangojea nini?"

"Muzee wa Amerika anahesabiaka mbele."

"Un, deux, trois, quatre!" Journal alifoka. "Miye si muzee, wala sitoke Amerika. Piga!"

Ikaanza, kama tunaweza kuita hiyo kuanza. Adolphine alikuwa akiacha gitaa kila beignet inapoanza kuungua. Journal alipiga banjo kwa mdomo, lakini mdomo ule hauwezi kukaa bila habari, basi kila baada ya ting'i ting'i ting'i alichomeka "aéroport imefungwa, ting'i ting'i, banki zimefungwa, ting'i ting'i." Kalenga alikimbia mbele na macho yamefumbwa, jasho linamtoka, na wenzake wakabaki nyuma wakimwita arudi.

"Muningojee!" Adolphine alilia.

"Piste haingojeake!" Kalenga alijibu bila kufungua macho.

Mama mmoja mwenye beseni la mboga kichwani alisimama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kakule alikuwa akigonga. Mikono ilitetemeka kwa mpango sasa, na kwa muda mfupi, mfupi kabisa, kifua chake kilipata hewa.

"Inaisha saa ngapi?" aliuliza, maana pumzi ilianza kumtoka.

"Haiishe, vieux!"

"Haiishe namna gani?"

"Ya bure haiishe! Kule ku telephone sauti inapunguka pole pole, inapunguka mpaka inapotea. Mwisho ni ya bale banalipa. Miye sijasikiaka ata siku moja!"

"Muda yote huu unapiga wimbo haujue mwisho yake?" Adolphine aliuliza, kijiko kimebaki hewani.

"Nitajulia wapi?"

Na hapo simu ikalia.

Kakule aliruka, bidoni likapinduka likaviringika mpaka barabarani. Adolphine akatupa kijiko. Journal, jambo ambalo Hewa Bora haijawahi kuliona, alifunga mdomo. Lakini Kalenga alikuwa amefumba macho, na sheria yake ilikuwa moja tu. Violon iliendelea peke yake, juu, chini, juu tena, inalia vibaya kuliko ilivyowahi kulia.

"Allô! Allô!" Vidole vya Kakule vilibofya hiki, vikabofya kile, mpaka haut-parleur, spika ya simu, ikawaka na benchi zima likasikia upepo wa mbali.

"Simama!" Adolphine alimfokea Kalenga.

"Sijue fasi ya kusimamia!"

"Allô, Papa Séphora?" Ilikuwa sauti ya Céline, imechoka, lakini yake kabisa. "Ni miye. Tuko bazima, unasikia? Miye, Séphora, dada na mutoto yake. Bote tuko bazima."

Kakule alirudi nyuma ili aketi. Alikalia matope, kwa kuwa bidoni halikuwepo tena. Nyuma yake violon ilipanda mpaka juu kabisa, ikapiga ukelele, ikashuka.

"Sasa iyo makelele ni nini?" Céline aliuliza. "Papa Séphora! Huku kwetu masasi ya bunduki ilinyamaza tangu asubuhi. Huko kwenu banauwa nani?"

Journal alikuwa wa kwanza kupasuka, akaanguka juu ya benchi, miguu hewani. Adolphine alimshika Kalenga mkono wa upinde, naye mwenyewe anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Na Kakule, pale chini kwenye matope, alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akajaribu kumjibu mke wake, akajaribu tena, na kitu pekee kilichomtoka kilikuwa sauti nyembamba ya mtu anayekabwa koo.

"Papa Séphora?" Sauti ya Céline ilibadilika, ikaingia woga. "Papa Séphora, jibu! Mungu wangu! Kumbe ni weye njo banauwa?"