Wiki Niliyongoja Kutafutwa

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimeondoka Matuga! Saa tatu asubuhi, mchana kweupe. Gari nimelipitisha mbele ya nyumba ya dada yangu Mejumaa mara mbili, na mara ya pili nikapiga honi. Mtu anayetoroka lazima aonekane akitoroka, la sivyo nani atajua?

Sababu ni nzito. Ijumaa hii Twaiba, binti wa Mejumaa, anaolewa na Jaafar wa Kibuyuni, mkulima wa mwani. Sina neno na Jaafar. Nina neno na utaratibu. Posa ilipelekwa kwa Suleiman, ami yake, ndugu wa marehemu baba yake. Mimi Salimu Boga, mjomba mtu, habari nilizipata kwenye foleni ya kusaga mahindi! Twaiba alifiwa na baba akiwa na miaka minne. Nani alimpeleka shule kwa baiskeli, masika na kiangazi? Nani alimfundisha Alhamdu? Suleiman alikuwa Lunga Lunga akiuza mabati. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mtoto. Bila mjomba hakuna harusi. Basi mjomba hayupo.

Nimeacha barua chini ya mlango wa Mejumaa: daktari ameniamuru nipumzike, nakwenda kutembea hotelini huko kusini, msinitafute. Mtu akiambiwa asitafute, hutafuta. Kwa hesabu yangu watatufikia Jumanne, wazee watatu au wanne. Watanisihi, nitakataa. Watanisihi tena, nitainuka.

Mke wangu Mbeyu nimemwambia haya ni mapumziko tu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kulala hotelini. Aliitazama barua. Akaitazama kanzu yangu ya sherehe niliyoikunja juu ya sanduku. Akasema sawa.

Nimeendesha kilomita thelathini kwa saa ili anayetufuata asitaabike. Lori la mawe limetupita. Trekta limetupita. Tiwi tumesimama kunywa madafu kwa muda wa saa nzima, nikiangalia nyuma. Mbeyu aliuliza kama shingo inaniuma.

Jumatatu, 13 Oktoba

Diani. Hoteli nimeichagua kwa akili. Langoni analinda Tsuma, binamu wa mke wa Suleiman, mtu asiye na kifua kabisa. Ukimwambia jambo Ukunda, linakutangulia Likoni. Nimemwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba niko hapa naumwa, hasa Suleiman, na hasa namba ya chumba, ambayo nilimtajia mara tatu.

Jioni nikamwuliza kama amemwambia mtu. Akashika kifua akaapa hajafungua mdomo. Amesema ameacha umbea tangu Ramadhani, na kwamba amana ya mgonjwa ni nzito kuliko zote. Watu wanachagua wakati mbaya sana wa kutubu.

Asubuhi tumbili aliruka mezani akachukua mkate wangu nikiwa nimeushika. Mbeyu alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka hivyo. Nilitaka kumwambia kitu lakini nilikuwa nikitazama lango.

Jumanne, 14 Oktoba

Hawajaja. Nimeona tatizo: nimejificha vizuri mno. Nikapiga picha miguu yangu juu ya kiti cha kulalia, bahari nyuma, jina la hoteli likionekana kwenye taulo, nikaiweka kwenye simu watu wote waione. Nikaandika: Subira.

Hadi adhuhuri watu arobaini na mmoja wameiona. Mejumaa ameiona. Suleiman ameiona, naye ametuma alama ya kidole gumba. Kidole gumba! Twaiba ameandika: Pumzika mjomba wangu, usijishughulishe na sisi, tunakuombea. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna neno la kunisihi. Hamna.

Mbeyu aliniambia kwa upole kwamba nikaha inahitaji wali, yaani wa kumwozesha binti, na wali ni Suleiman kwa kuwa mtoto hana baba, babu wala kaka, na jambo hili hata watoto wa madrasa wanalijua. Nikamjibu sheria ni sheria na mila ni mila. Akasema ndiyo, na mjomba kazi yake kwa mila ni kuwepo. Nikamwambia afungashe.

Usiku tumelala Msambweni, nyumba ya wageni ndogo, safi. Mapokezini yuko Eunice, binti kutoka bara, mwenye adabu. Nimempa maelekezo: wazee wakija kuniulizia, kwanza akane. Wakisisitiza, ajifanye anasitasita. Wakisisitiza tena, awaelekeze chumba cha nne. Ameandika yote kwenye karatasi. Halafu akauliza, na wasipokuja, afanye nini. Ni swali la kijinga. Nimelifikiria mpaka sasa.

Jumatano, 15 Oktoba

Uamuzi mkubwa: nimevuka kwenda kisiwa cha Wasini. Nchi kavu wanadhani siku yoyote nitarudi. Mtu akivuka maji, watu hushtuka.

Gari nimeliacha Shimoni. Nahodha wa boti, Kaingu, ni mzungumzaji. Nikamwambia anaweza kuulizwa kunihusu. Akasema labda wiki ijayo, maana kesho kutwa hayuko kazini. Yeye na nusu ya Kibuyuni wanakwenda Matuga harusini. Jaafar anaoa! Wamekodi mabasi mawili. Akamsifu Jaafar njia nzima: anawabebea wanawake magunia ya mwani mbichi bila kuombwa, na mama yake akiugua, ni yeye mwenyewe anayempikia. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, je, mjomba wa bibi harusi anasemaje kuhusu ndoa hiyo. Kaingu akafikiri. Akasema hajasikia kama kuna mjomba.

Nimeumia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma. Nimeumia sana.

Kisiwa kimetulia, hakina gari hata moja. Tumeletewa kaa wawili na wali wa nazi. Mbeyu amekula kaa wote wawili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumetembea kwenye daraja la mbao juu ya mawe ya matumbawe. Mbeyu ameshika mkono wangu mbele za watu, jambo asilolifanya Matuga. Amesema kama isingekuwa harusi angekaa hapa mwezi. Kisha akaniketisha akanipa habari aliyokuwa nayo tangu Jumamosi.

Kilemba changu kipo. Kile anachopewa mjomba na upande wa bwana harusi, heshima ya malezi. Jaafar alikileta mwenyewe nyumbani kwetu Jumamosi nikiwa shambani. Twaiba ndiye aliyekichagulia rangi. Mbeyu alitaka kuniambia jioni ile, lakini niliporudi nilikuwa nagombana na sanduku na sikutaka kusikia neno. Kimelala kabatini kwetu.

Nikauliza kwa nini wamepeleka posa kwa Suleiman kwanza. Mbeyu akasema Suleiman alitaka wapitie kwangu, Twaiba akakataa. Alisema aliyemlea hatamwendea kama mtu wa kuombwa ruhusa. Atamwendea mwishoni, mwenyewe, kumwomba radhi, kama mtoto kwa baba.

Mtu mwingine angekimbilia boti. Mimi nina cheo. Siwezi kurudi kama mbuzi aliyekatika kamba. Nimepata njia: nitarudi, lakini sitafika. Nitasimama karibu. Waje wamalizie hatua chache zilizobaki, iwe wamenifuata.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika garini, nyuma ya ofisi za kilimo Matuga, hatua mia mbili kutoka msikitini. Nimevaa kanzu. Joto kali.

Nilimtuma Mbeyu kwa wanawake na maneno haya: mjomba yuko karibu, ana udhaifu, lakini akisihiwa anaweza kushawishika. Nikamfanya ayarudie. Kisha nikajipanga kwenye kiti, uso wa huzuni, kioo nikakishusha nusu.

Baada ya alasiri kipaza sauti kikafunguka. Nikamsikia sheikh. Nikamsikia Suleiman akiozesha, sauti ikitetemeka, sikujua kama anaweza kutetemeka. Nikamsikia Jaafar akikubali, wazi kabisa. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Miaka yote ile ya baiskeli, na neno lenyewe ni fupi hivyo.

Nikajua imekwisha, nikashika ufunguo. Hapo Suleiman akaomba kipaza sauti tena. Akasema bibi harusi ana ombi. Yuko mtu ambaye angepaswa kukaa mbele ya wote leo, mjomba wake Salimu Boga, aliyemlea, ambaye maradhi yamemzuia. Akaomba dua. Sheikh akaniombea kwa jina, shifaa ya maradhi yangu, umri mrefu, malipo ya kila aliyelea yatima. Msikiti mzima ukaitikia amin. Watu wa mabasi mawili ya Kibuyuni wakaitikia amin. Nami garini nikaitikia, machozi yakiingia ndevuni. Mtu hawezi kuiachia dua yake ipite hivi hivi.

Mbeyu akarudi na sahani ya pilau imefunikwa. Nikauliza kama alisema maneno yangu. Akasema alisema yote. Twaiba alitaka kutoka mbio na nguo zake za harusi, wazee nao wakainuka. Kisha Twaiba akawarudisha. Kama mjomba ni dhaifu, asivutwe hadharani kwa ajili yake. Apelekewe chakula, astarehe.

Pilau ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Twaiba amekuja kuaga kabla ya kwenda Kibuyuni. Nilikuwa nimeketi barazani, nimefunga kilemba, nina maneno yangu tayari, nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri: nenda mwanangu, radhi yangu iko nawe, umenipa furaha kuliko nilivyostahili. Kisha nikaona nyuma yake Jaafar, na nyuma ya Jaafar, Suleiman, akichungulia kama kweli naumwa.

Nikaingia ndani nikalala. Nikajifunika blanketi hadi kidevuni, kilemba kikiwa kichwani.

Twaiba akapiga magoti kando ya kitanda. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema alhamdulillahi, homa hamna. Akaniomba radhi. Nikafungua mdomo. Suleiman alikuwa mlangoni. Nikaguna. Twaiba akasema nisijitaabishe kusema, ameelewa. Akanibusu mkono. Ulikuwa umelowa alipouachia.

Nimesikia gari likiondoka. Mbeyu amekaa jikoni, hajaniletea chai.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimelala vibaya lakini nimeamka na akili safi. Kosa nimeliona. Nililegea! Ningebaki kisiwani siku mbili zaidi wangekuja wenyewe na boti.

Ijumaa ijayo fungate inakwisha, Twaiba na mumewe watakuja kutusalimia. Hawatanikuta. Waone pengo. Radhi yenyewe bado ninayo, sijaitamka, watailipia kwa safari ya kunitafuta. Nimemwambia Mbeyu afungashe. Amesema yeye atabaki kumpikia mtoto.

Nitakwenda peke yangu. Nimempigia Eunice wa Msambweni kuweka chumba cha mtu mmoja, na nimemwuliza kama dirisha linatazama barabara.