Waridi Lisilo na Jina

Jumatatu, 3 Machi
Nimefyeka kichaka nyuma ya choo cha uani. Nimekuta waridi! Shina nene kama mkono wangu, ua moja limechanua, na harufu... nimesahau hata kwamba nimeshika panga. Mke wangu kaja kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Akanusa. Akasahau nyoka, akanusa tena.

Jumanne, 4 Machi
Jirani, fundi saa mstaafu anayejiita Profesa wa Maua, amekiri hajawahi kuliona. Ati waridi la kale lisilojulikana hupewa jina. Litaitwa jina langu! Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri ofisini, na hata mlango haukuwahi kuandikwa jina langu. Jioni Profesa alichungulia juu ya ukuta, akidai anatafuta paka wake. Hana paka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelifunika kwa shuka mpya ya mke wangu, Profesa asilione. Joto nusura liliue. Nimeliomba radhi kwa ndoo mbili za maji. Ajabu! Asubuhi ua lilikuwa jekundu, saa kumi jioni limekuwa jeupe kabisa. Machozi yamenitoka. Nimesingizia vumbi.

Jumamosi, 8 Machi
Mtaalamu wa mimea amekuja, mama mpole mwenye kioo cha kukuzia. Kahesabu petali, kapapasa miiba, kasugua jani na kulinusa. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akasema hajapata kuona la namna hii. Pengine jina lake lilizikwa pamoja na aliyelipanda. Profesa alivua kofia. Mimi, mke wangu na Profesa tulisimama, watu wazima watatu, kama tumeitwa mbele ya mfalme.

Nikakohoa, nikamtajia mtaalamu majina yangu yote matatu. Akatabasamu. Ati mpaka jina la asili lipatikane, waridi kama hili huitwa kwa mahali lilipokutwa. Akaandika daftarini: Waridi la Nyuma ya Choo. Profesa alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Jumapili, 9 Machi
Mtaalamu atarudi Jumanne kuthibitisha mahali kabla ya kulisajili. Kulihamisha? Haiwezekani, linaweza kufa, nami nalipenda mno. Lakini akili ninayo. Nimemwita fundi mwashi. Kesho saa mbili asubuhi anabomoa choo. Waridi litabaki nyuma ya nyumba tu, na jina langu nimelipaka kwenye ukuta wa nyumba leo, herufi za futi mbili, ili mahali pajulikane ni kwa nani. Mke wangu ameuliza tukibanwa tutakwenda wapi. Kwa Profesa, nimemjibu. Ataona fahari.