Zumbukuku Avuta Mkia

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata wazo. Kubwa mpaka nimeshindwa kumaliza chai.

Darasa langu hufanya mazoezi ya hesabu kwenye programu ya simu, na kila jioni programu hupanga majina yao ya utani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho ni mpwa wangu. Jana yeye. Juzi yeye. Leo kamwambia mama yake kwamba mtihani wa wiki ijayo haufanyi, hesabu na yeye ni mbingu na ardhi. Asipoufanya anarudia darasa. Dada akanitazama mimi, mwalimu wa hesabu ninayelala chumba chake cha nyuma, kwa jicho la kuuliza kazi yangu humu ndani ni nini hasa.

Dawa ni rahisi. Mtoto anahitaji mtu wa kumpita. Nimesajili mwanafunzi mpya, Zumbukuku. Atakosa kila swali. Atakayejibu ni mimi.

Jumanne, 4 Juni
Ushindi! Zumbukuku kavuta mkia kwa heshima zote. Mpwa wangu kaangalia simu, kaiangalia tena, kisha akaongeza chakula. Ila kukosa kwa makusudi si mchezo. Mkono wa msomi unakataa.

Mwalimu wa jiografia, tunayemwita Bwana Dira kwa kuwa hujiona yeye tu ndiye anayejua shule inaelekea wapi, kauliza huyo Zumbukuku anakaa dawati gani. Nikasema ni mgeni, bado anaumwa nyumbani. Akauliza anaumwa nini. Nikasema kichwa. Akasema hilo limeonekana.

Jumatano, 5 Juni
Darasa limemhurumia Zumbukuku. Wanamtumia ujumbe wa kumtia moyo, na kinara wao ni mpwa wangu! Kakaa sebuleni anamwelekeza kujumlisha sehemu kwa mfano wa kukata mkate. Mimi nimejifungia chumba cha nyuma, nakodolea macho maelezo yale yale niliyompigia kelele muhula mzima yasiingie. Nikamwandikia kwa jina la Zumbukuku, asante dada. Nikakosa tena. Akajibu kwamba nisijali, wengine Mungu kawanyima kichwa cha hesabu lakini kawapa moyo mzuri.

Kanyimwa nani? Mimi?

Alhamisi, 6 Juni
Yamenikuta. Nilijikaza kisabuni hadi jioni, nikashindwa. Nilijibu swali moja tu sawasawa, kulinda heshima. Kisha la pili, ili la kwanza lisionekane bahati. Nilipozinduka, Zumbukuku alikuwa wa kwanza darasa zima na mpwa wangu karudi mkiani.

Nikasikia ukelele sebuleni. Nikajua basi, nimemmaliza mtoto. Nikaanza kuwaza pa kuhamia.

Kumbe binti anaruka kwa furaha! Anamwambia mama yake kwamba Zumbukuku amefuzu kwa maelezo yake yeye, na kama kaweza kumfundisha zuzu yule, huo mtihani una nini cha kumshinda. Akafungua daftari bila kuambiwa. Nilisimama mlangoni machozi yakinilengalenga. Nikasingizia moshi wa jikoni. Dada akasema jiko halijawashwa.

Jumatatu, 10 Juni
Mtihani. Mpwa wangu kanyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada. Yeye! Bwana Dira, aliyekuwa msimamizi, alidhani anaomba kwenda msalani.

Ijumaa, 14 Juni
Amefaulu, na wala si kwa kuponea chupuchupu. Dada kanipakulia kabla ya wageni. Nimefurahi kupita kiasi. Shuleni natembea kifua mbele.

Mkuu wa shule alitaka Zumbukuku apongezwe mbele ya wenzake. Nikasema kwa masikitiko kwamba wazazi wamemhamisha. Bwana Dira kasema shule hii haijui kutunza vichwa.

Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga tangu mwanzo. Tatizo ni dogo: mkia sasa anauvuta mtoto wa mkuu wa shule, naye kaanza kununa. Mtaalamu nipo. Nimesajili mwanafunzi mwingine, Mbumbumbu, na nimeapa huyu hatapata swali hata moja, wamwambie watakayomwambia.

Mtoto wa mkuu kamkaribisha vizuri. Kamwandikia asione aibu, hata kuhesabu kwa vidole si dhambi.

Mbumbumbu sasa hivi ni wa tatu.